Namna ya Kuonekana Mjuzi wa Rubisi Jijini Mwanza

Umealikwa kwa shemeji Mhaya kule Nyasaka, kibuyu kimewekwa mbele yako, ukumbi mzima unakutazama. Tulia. Ujuzi wote wa rubisi umo katika swali moja.

1. Uliza: "Hii ni ya lini?" Uliza kabla hujagusa mrija, na usitabasamu. Rubisi ni juisi ya ndizi mbivu zilizokanyagwa kwenye mtumbwi wa mti, ikachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, na ikishaanza kuchacha haingoji mgeni. Iliyolala usiku mmoja ina utamu wa ndizi. Kadiri siku zinavyopita utamu unakwisha, uchachu unapanda. Wajapani hupima sake yao kwa ukobozi: mchele ukikobolewa ukabaki nusu au chini ya hapo, pombe yake hufikia daraja la daiginjo. Daraja la rubisi ni umri. Ukiambiwa imetoka Bukoba kwa MV Victoria, kumbusha kwa upole kwamba meli husafiri usiku kucha, kwa hiyo usiku huo nao uhesabiwe. Hapo umeshashinda.

2. Vuta kidogo, nyamaza, kisha sema: "Mtama umekaangwa vizuri." Harufu yake hutangulia ile ya ndizi, hivyo ni vigumu kukosea. Mkaangaji akiwepo, utaongezewa.

3. Kwenye chakula usibahatishe, maana samaki wa Ziwa Victoria wanastahili heshima. Rubisi changa mpe sato wa kuchoma mwenye ndimu na pilipili nyingi. Utamu unaupoza ulimi. Iliyochachuka mpe sangara: mnofu wake una mafuta, na uchachu unayakata. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, iache kwa chai, ni tamu juu ya tamu. Umesahau yote? Agiza dagaa wa soko la Mwaloni, wakaangwe wakauke, watiwe chumvi. Hao hawamwaibishi mtu. Na ikiwa ni Novemba na senene wameletwa, acha maelezo, kula.

4. Mtu akikuchomolea chupa ya gongo akidai ni "rubisi iliyokomaa", kataa palepale. Gongo ya vichochoroni imepofusha watu, imeua watu. Una jibu la kifahari tayari: "Mimi ni mtu wa rubisi." Sema hivyo, sogeza kibuyu karibu, omba dagaa wengine.