Ukurasa wa Nyuma wa Daftari la Kahawa

Karagwe na Kyerwa zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, na nyumba yetu bado inaishi kana kwamba hazijagawanywa. Mimi nafundisha Murongo, Kyerwa, ukingoni mwa mto Kagera, mahali ambapo ukisimama unaiona Uganda ng'ambo. Mama watoto yuko Omurushaka, Karagwe, pamoja na watoto watatu, mama yangu mzazi, na chumba cha mbele tulichokigeuza steshenari: printa moja, laptopu moja, mashine ya kutolea kopi, na rauta juu ya kabati. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kufika nyumbani. Siku nyingine nyumba naitunza kwa simu.

Mkasa wetu ulianza Jumatano moja, dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likikaribia kufungwa. Asiyewahi kuomba mkopo huo anaweza asijue kazi iliyomo. Kijana anajaza fomu mtandaoni, anaiprinti, anakwenda nayo kwa serikali ya kijiji, kisha kwa wakili au hakimu, anarudi nayo ikiwa na sahihi na mihuri, inaskaniwa na kupakiwa upya. Benchi letu lilikuwa limejaa vijana, wengine wametoka Nyaishozi na Kituntu kwa nauli ya kukopa. Wakiwa wanasubiri, kila mmoja aliwasha simu na kuingia kwenye waifai yetu kwa vocha. Mtandao ukalemewa, fomu zikagoma kupanda. Mama watoto akanipigia: "Mwalimu, watoto wa watu wamekaa hapa tangu asubuhi."

Nikaamua kutenganisha njia, vifaa vya ofisi viwe upande wake na simu za wateja upande wake. Nina programu inayoniwezesha kuiendesha laptopu ya nyumbani nikiwa Murongo, nikaingia humo, nikafungua mipangilio ya rauta. Katika kupanga namba upya nikabadilisha na anwani ya rauta yenyewe. Ilikuwa 192.168.10.1, nikaifanya 192.168.20.1, nikabonyeza kuhifadhi. Skrini ikaganda.

Kwanza nilidhani ni simu yangu. Murongo ina tabia yake: simu huruka mto yenyewe, ikashika mnara wa Uganda, na bando lako la Tanzania likakaa bure. Nikazunguka uwanja wa shule karibu nusu saa nikitafuta mnara wa kwetu. Nilipoupata, laptopu ya nyumbani bado haionekani, na mama watoto ananiambia hata hao wachache waliokuwa wakipata mtandao sasa hawana kitu.

Rauta haikuwa imekufa. Ilikuwa nzima, inangoja kwenye namba mpya, lakini laptopu niliwahi kuipa anwani ya kudumu ili isipotezane na printa, kwa hiyo iliendelea kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe amehama. Simu za wateja zingezimwa waifai na kuwashwa, nyingi zingerudi zenyewe. Kwa laptopu ilitakiwa kubadilishwa namba chache tu, kazi ya dakika mbili ambayo ningeweza kumwelekeza mama watoto kwa sauti. Hayo niliyaona baadaye, nimetulia. Wakati ule moyo ulikuwa unanienda mbio, nikasema neno ambalo mpaka leo linaniuma: "Nyuma ya rauta kuna tundu dogo. Ingiza kijiti, bonyeza mpaka taa zizime."

Nilitaka izimwe na kuwashwa. Kwa hilo angechomoa waya wa umeme tu, na hata hivyo isingesaidia, kwa sababu rauta ya nyumbani huandika badiliko papo hapo. Kwenye baadhi ya mitambo mikubwa, kama ile ya Cisco, badiliko hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda hadi fundi aamuru lihifadhiwe. Ukizima kabla, mtambo unaamka na mipangilio ya zamani. Ya kwetu haina huruma hiyo. Na lile tundu si la kuzimia, ni la kufutia. Mama watoto alichukua njiti ya kiberiti akafanya nilivyomwambia, akahesabu mpaka kumi kwa uaminifu wake wote, na rauta ikawaka ikiwa tupu kama siku iliyotoka kwenye boksi. Jina la waifai, neno la siri, anwani, vocha, jina na nywila tulizopewa na watoa huduma, vyote vikaondoka. Nakala sikuwa nayo. Kitufe cha kuhifadhi nakala kipo kwenye ukurasa uleule niliokuwa naufungua kila mara.

Nikaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nikapanda gari la jioni. Tukipita Isingiro na Nkwenda nilikumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, jioni ile WhatsApp ilipokufa duniani kote na sisi tukidhani ni bando limeisha. Wahandisi wa Facebook walikuwa wametoa amri moja wakati wa matengenezo, ikatenganisha vituo vyao vya data na dunia, na wao wenyewe wakafungiwa nje. Ilibidi watu waende kwa miguu yao mpaka kwenye mitambo, na huduma ikarudi baada ya saa kama sita. Nami nilikuwa naifuata mitambo yangu, nimebeba begi la madaftari ya wanafunzi kwa sababu sikupata muda wa kuyashusha.

Nilifika giza limeingia. Uani kahawa ilikuwa imekusanywa chini ya turubai, mama anamenya ndizi. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinielemea zaidi. Mama watoto alikuwa ameandika majina ya vijana wote na hatua kila mmoja aliyofikia, akawaambia waje kesho saa moja asubuhi.

Tukaanza kuokota. Binti yetu mkubwa alisema simu yake haijasahau waifai. Kweli, alipogusa sehemu ya kushiriki mtandao, ikatokea ile picha ya vijiraba vyeusi na vyeupe, na chini yake neno letu la siri kwa herufi wazi. Jina lilelile na neno lilelile maana yake simu zote zilizowahi kuingia kwetu zitaingia tena bila kuuliza.

Anwani tulizipata kwa printa. Ukishikilia kitufe chake mpaka taa ipepese, inatoa karatasi ya hali yake. Nakumbuka karatasi ile ikitoka polepole, ya moto, mama watoto akiikamata kabla haijaanguka na kuisogeza kwenye taa. Akaisoma kwa sauti: anwani ya printa, kipimo cha mtandao, na mstari wa tatu, lango: 192.168.10.1. Chombo ambacho hakuna aliyekiuliza kilikuwa kimetunza namba niliyoifuta mimi.

Likabaki jina na nywila za watoa huduma. Bila hizo hakuna mtandao, na ofisi yao ilikuwa imefungwa. Nikapekua meseji za miaka miwili, sikuona kitu. Ndipo mama watoto aliponyamaza kidogo, akasema, "Siku fundi anafunga antena wewe ulikuwa Murongo. Alinisomea akiwa juu ya ngazi, nikaandika kwenye daftari la mama."

Mama akaingia chumbani, akatoa sandukuni daftari lililofungwa kwenye kipande cha kitenge. Ni daftari la kahawa ya maganda: tarehe, kilo zilizopelekwa chama cha msingi, fedha iliyoingia, fedha ambayo chama kinadaiwa. Ukurasa wa nyuma, kwa mwandiko wa haraka, ulikuwa na mistari miwili tuliyokuwa tunaitafuta. Nikaingiza, ikakataa. Nikaingiza tena, ikakataa. Kulikuwa na duara moja katikati ya nywila nililolisoma kama herufi. Mama watoto akafumba macho, akalikumbuka neno la fundi: "Alisema sifuri." Taa ya mtandao ikawa ya kijani saa nne na robo usiku.

Vocha hazikurudi. Asubuhi mama watoto aliwauliza wateja mmoja mmoja muda uliowabakia, akawaamini, akawapa mpya. Fomu zilipanda, ya mwisho Ijumaa mchana.

Lakini usiku uleule, kabla ya kula, nilihifadhi nakala kwenye flashi, nikamkabidhi. Akaiweka kando, akavuta daftari la mama na kalamu. "Nisomee zote, moja moja," akasema. "Na ya kuingilia kwenye rauta, maana hiyo hukuwahi kunipa." Nikamsomea, naye akiandika taratibu chini ya mistari ile miwili. Katikati akanisimamisha.

"Hapo ni o au sifuri?"

"Sifuri."

Akaipiga mstari katikati, akaendelea.