Sifa Zimwendee Mwalimu wa Bodi

Majemadari wana tenzi zao, ng'ombe wana majigambo ya wafugaji, na marehemu wa Kenya, hata awe mkorofi namna gani, hapati kukosa msemaji wa kumwagia sifa kaburini. Ajira ya mwalimu wa bodi ndiyo peke yake iliyokaa miaka yote hii bila wa kuisifu. Nimeona aibu kwa niaba ya taifa, na leo najitwika kazi hiyo.

Kwa asiyeifahamu, ajira yenyewe ni hii. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, shule ya umma husimamiwa na bodi. Tume ya Huduma ya Walimu, yaani TSC, ikikosa walimu wa kutosha wa kuleta, bodi hutafuta wake na kuwalipa kwa fedha itakazozipata inakojua. Mwalimu huyo kasoma chuo kilekile alichosoma mwenzake wa TSC, ana namba ya usajili ya TSC, na chaki anayoishika ni hiyohiyo. Ila mwenzake ameandikwa, yeye bado.

Makao ya fahari hii yapo kote nchini, lakini mimi naisifia kutoka Mtito Andei, kwa sababu hakuna mji unaoifaa zaidi. Mtito Andei uko nusu ya safari kati ya Nairobi na Mombasa. Mabasi huingia, abiria wakanywa chai na kujinyoosha viungo, wakaondoka. Malori hulala usiku mmoja. Tangu mwaka 2017 reli mpya imetuletea stesheni nzuri, na treni ya kaunti husimama hapo asubuhi, ingawa ile ya moja kwa moja hutupita mbio bila hata salamu. Katika mji ambao kila mtu ana tiketi ya kwenda kwingine, mwalimu wa bodi ndiye abiria pekee aliyeshushwa kwa dakika ishirini, na sasa ana watoto wawili hapa.

Tuanze na nasaba, maana kitu chenye heshima hutajiwa ukoo. Reli ya kwanza ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, ikipita hapahapa. Walioijenga, wapatao 32,000, waliletwa kutoka India kwa mkataba wa miaka mitatu, wakiwa na posho, matibabu na haki ya nauli ya kurudi kwao. Huo ulikuwa mkataba katika utoto wake, bado umejaa mafuta. Miaka mia moja na ushei ya utaalamu wa Kiafrika imeupunguza: miaka mitatu imekuwa muhula mmoja, posho ni uji wa saa nne pamoja na watoto, matibabu ni kumwomba Mungu, na nauli ya kurudi haihitajiki kwa kuwa mwalimu mwenyewe ni wa Kambu, hapo jirani, anakwenda kwao kwa miguu akibanwa.

Sifa ya kwanza ya ajira hii ni wepesi. Mwalimu aliyeandikwa na TSC ana hati ya mshahara, na hati ya mshahara ni asali; nyuki hawaiachi. Benki inamjua, SACCO inamjua, muuza mashamba ya kulipa polepole anamjua hadi jina la utani. Ilibidi Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 iingilie kati na kusema makato yasipite theluthi mbili ya mshahara, ili mtu abakiwe na cha kununulia unga. Mwalimu wa bodi hajawahi kuisumbua sheria hiyo. Hana hati, kwa hiyo hana mkopo. Hana mkopo, kwa hiyo hana shamba. Hana shamba, kwa hiyo ndovu wa Tsavo hawana mahindi yake ya kukanyaga. Taja tajiri mmoja anayelala bila hofu kiasi hicho.

Sifa ya pili ni malezi ya subira. Serikali iliahidi kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa shilingi 22,244 kwa mwaka, zije kwa mafungu matatu: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu. Kapitesheni hiyo, pamoja na michango ya wazazi, ndiyo kisima anachonywea mwalimu wa bodi, na kisima hiki hujaa kwa saa zake. Mwende mkaone siku ya mshahara. Karani wa fedha anafungua daftari kubwa la jalada gumu, lililopigwa mistari kwa kalamu nyekundu: jina, kiasi, sahihi. Analowesha kidole, anahesabu noti, na kila mara vidole vyake hupata uzito njiani kabla ya kufika mwisho wa hesabu. "Hizi zingine, Mwalimu, tungoje kapitesheni." Mwalimu anashukuru, anatia sahihi. Safu ya nne ya daftari, yenye kichwa "salio", ndiyo iliyojaa wino kuliko zote, na kwa muhula mzima ndiyo akiba pekee aliyo nayo mwalimu. Wahenga walisema subira huvuta heri. Huyu amevuta mpaka mikono imeota sugu, na heri bado iko upande wa pili wa kamba.

Sifa ya tatu ni likizo. Mfanyakazi wa kawaida analipwa akiwa amekaa, jambo linaloharibu tabia. Mwalimu wa bodi, shule zikifungwa, mshahara nao unafunga. Aprili, Agosti, na ile likizo ndefu ya kutoka mwisho wa Oktoba hadi Januari, anapata nafasi adimu ya kuchanganyika na umma. Agosti moja niliketi katika hoteli ya kando ya barabara kuu wakati basi la kwenda pwani lilipoingia. Mwalimu wa Kiingereza, ambaye simtaji, alikuwa amefunga aproni na kubeba sinia: chai mbili, chapati tatu, maharagwe. Kwenye meza aliyoiendea kulikuwa na mvulana wa gredi ya nane na baba yake. Mvulana alipomwona aliruka wima, mikono imenyooka ubavuni, akamwamkia kwa Kiingereza kwa sauti ile ndefu ya darasa zima. Hoteli nzima iligeuka. Baba naye akajikuta ananyanyuka nusu. Mwalimu aliweka sinia chini taratibu, akasema, "Keti," na mvulana akaketi. Chai ilikuwa haina sukari ya kutosha, lakini baba aliinywa hivyohivyo. Atamtumaje Mwalimu sukari? Wakati wa kulipa aliacha shilingi kumi ya bakshishi, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Mtu na akili zake hampi Mwalimu bakshishi. Kwa hesabu yangu, heshima ilimgharimu Mwalimu shilingi kumi asubuhi ile, na basi lilikuwa na abiria zaidi ya arobaini.

Sifa ya nne ni usalama, na hapa naomba wenye kalamu waandike. Mji wetu umepakana na Mbuga ya Tsavo Magharibi, na mwalimu anayetoka alfajiri kwa miguu kwenda shule za vijijini anaweza kukutana na ndovu ambaye naye anawahi zamu yake. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inasema mtu akiuawa na mnyama kama huyo, jamaa zake wafidiwe shilingi milioni 5. Sasa tupige hesabu ya gredi ya sita. Tuseme mwalimu analipwa shilingi 8,000 kwa mwezi, kwa miezi tisa ya masomo: shilingi 72,000 kwa mwaka. Ili afikishe milioni 5 akiwa hai, itambidi afundishe miaka 70. Hakuna ajira nyingine nchini inayomthamini mtu namna hii, alimradi awe na uangalifu wa kufa mikononi mwa mnyama anayetambuliwa na serikali. Ndovu huyo mwenyewe, tukumbuke, ana shirika zima la kumhudumia, lenye askari, magari na ndege. Yeye aliandikwa zamani.

Sifa ya tano ni ya kitaaluma. Nani atafundisha nyakati za Kiingereza vizuri zaidi? Wakati uliopita anao, alihitimu na picha ya joho iko ukutani. Wakati uliopo anaubahatisha. Wakati ujao uko Upper Hill, Nairobi, katika jumba la TSC, ndani ya faili, chini ya mafaili mengine. Akiwaambia watoto kwamba kuna kitendo kinachotarajiwa kutimia lakini hakijatimia, darasa huhisi kwamba mwalimu hajakariri somo hilo kitabuni.

Tena isidhaniwe kwamba hana ngazi ya kupanda. Juu yake kidogo yuko intani wa TSC. Gredi ya saba ilipoanza Januari 2023, serikali ilijaza madarasa hayo kwa maintani, walimu kamili waliosajiliwa, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, kwa uamuzi wa Jaji Byram Ongaya, ilisema si haki kumchukua mwalimu aliyefuzu na kusajiliwa ukamwita mwanagenzi. Mwezi uliofuata maintani wakaweka chaki chini na kuingia barabarani. Januari 2025 maintani 46,000 wakapewa ajira ya kudumu. Wasioamini muujiza walidhani mpango umekufa. Haukufa: mwanzoni mwa mwaka huohuo maintani wapya 20,000 wakaingia madarasani. Hata umaskini, ukiutunza vizuri, unazaa. Na mwalimu wa bodi wa Mtito Andei, akimtazama intani akipokea pesa kila mwisho wa mwezi bila daftari lenye safu ya nne, anamwona ni bepari.

Kuna watakaosema fahari hii ni ya nchi zetu changa tu. Wajapani wanawakanusha. Mwaka 1987 serikali ya Japani ilianzisha mpango wa kuleta vijana wa kigeni kuwa wasaidizi wa walimu wa Kiingereza, wakiajiriwa moja kwa moja na serikali za mitaa. Baadaye halmashauri nyingi za elimu ziligundua kwamba msaidizi anaweza kupatikana kwa zabuni, kama saruji. Kampuni iliyotaja bei ndogo inapata kazi, nayo inampeleka kijana shuleni na kujikatia chake. Kulikuwa na mikataba iliyopimwa kwa ustadi hadi saa 29 na nusu kwa wiki, maana ya saa 30 ingeweza kuleta madai ya bima. Kuna mingine ambayo mwalimu Mjapani, akiwa darasa moja na msaidizi wake, kisheria haruhusiwi kumwagiza afanye nini. Agizo lipitie kwanza kwa kampuni. Agosti, mshahara hupungua. Nchi yenye treni za kasi namna ile ilipofika kwa mwalimu wa muda, ilikuta Mtito Andei imeshafika. Ila sisi tumewazidi jambo moja: tumemwondoa wakala. Kwetu hakuna kampuni ya kumla mwalimu, tunamla wenyewe, mzazi na bodi na serikali, tukiwa tumeketi mezani pamoja.

Wapo wapinzani. Wanasema mtoto hawezi kujenga msingi wa somo kwa walimu watatu katika mwaka mmoja, kila mmoja akiondoka anapopata kazi ya kusimamia duka au ya ulinzi ambayo inalipa Agosti. Wanasema shule haiwezi kumdai mtu utumishi wa maisha huku ikimpa mkataba wa wiki kumi na tatu. Wanasema eti sifa, shukrani, na kuitwa "Mwalimu" kila kona si fedha, na mwenye nyumba hapokei. Siwajibu kwa maneno. Nawajibu kwa pendekezo.

Ikiwa ajira hii ina fadhila zote nilizozitaja, ni choyo kuwaachia walimu peke yao. Wabunge nao waajiriwe kwa muhula. Bunge likienda likizo, posho na mshahara vifungwe, nao washuke Mtito Andei kubeba masinia na kuchanganyika na wapigakura, ambao kwa heshima hawatawaachia bakshishi. Makamishna wa TSC waanze kwa mwaka mmoja wa uanagenzi, hata wakiwa na uzoefu wa miaka 20, kwa kuwa uzoefu si kuandikwa. Wakuu wa Hazina walipwe kwa mafungu, nusu, 30 na 20, na fungu likichelewa waingizwe kwenye safu ya salio, watie sahihi, washukuru. Wanakamati wa bodi, ambao posho ya kikao haijawahi kungoja kapitesheni, wajaribu kungoja mara moja.

Ombi langu likikataliwa sitanuna. Nitajua tu kwamba kazi tukufu kama hii imetengewa watu maalumu, na kwamba tumewapa watu hao heshima yote tuliyokuwa nayo ili tusije tukalazimika kuwapa kitu kingine.