Faini Huja kwa Rejesta

Aibu ya likizo ya Italia huja kwa posta. Picha zimeshaonyeshwa kwa mashemeji, sumaku ya mnara wa Pisa imeshabandikwa kwenye friji, watoto wameshaacha kuaga kwa "ciao", na mkopo wa nauli umebakiza marejesho machache. Ndipo katibu muhtasi anapopita katikati ya meza za ofisi ameinua bahasha juu: "Mzee, una rejesta. Manispaa ya Florence." Kwa kuwa wengi wetu barua zetu hupitia sanduku la posta la kazini, ofisi nzima huwa imejua kabla ya mhusika. Ndani mna karatasi za Kiingereza kilichonyooka, zenye tarehe, saa, dakika, jina la mtaa na namba ya gari lililokodiwa, pamoja na habari kwamba baba wa watu anadaiwa yuro 83 kwa kupita mahali asiporuhusiwa. Chini yake mna karatasi nyingine: mtaa uleule, siku iliyofuata, alipokuwa akirudi hotelini. Na nyingine. Ninachotaka kusema ni kwamba baba huyu hakuonewa na sheria. Ameonewa na namna sheria ilivyochagua kunyamaza siku nzima ya kosa, kisha ikapata sauti na lugha ya kigeni baada ya miezi kadhaa.

Kitu chenyewe kinaitwa ZTL, eneo la mji ambamo gari haliingii ila kwa kibali. Florence inalo, Roma inalo, Bologna, Pisa, Siena, Lucca, hadi vimji vya milimani ambavyo mgeni angedhani vingefurahi kuona gari lolote. Ni mtambo mzuri sana, na anayeuchukia bila kuuelewa anajinyima burudani. Hakuna geti, hakuna kamba, hakuna askari. Kuna nguzo, na juu ya nguzo kuna kamera. Gari likipita, kamera hupiga picha ya namba, programu husoma herufi na tarakimu, kisha huzitafuta kwenye orodha ya wenye ruhusa: wakazi, teksi, wenye ulemavu, wapeleka mizigo kwa saa zao, na wageni wa hoteli zilizokumbuka kupeleka namba ya gari la mgeni. Namba ikiwamo, gari linapita zake. Isipokuwamo, picha huwekwa kando hadi askari wa manispaa aihakiki, kwa sababu sheria haitaki mashine ihukumu peke yake. Askari humtafuta mwenye gari, anakuta ni kampuni ya kukodisha magari. Anaiandikia kampuni. Kampuni hufungua mkataba, hutoa jina na anwani ya mteja, na kwa jasho hilo la kufungua faili hujikatia ada kwenye kadi ya benki iliyoachwa siku ya kukodi. Ada hiyo haihesabiwi kwenye faini. Ni malipo unayotoa ili utajwe. Hapo sasa barua huandikwa, hutafsiriwa na kutumwa. Sheria ya barabara ya Italia ya mwaka 1992 inaipa manispaa siku 90 kumfikia mkosaji anayeishi Italia. Kwa anayeishi nje inapewa siku 360. Mimba inaweza kutungwa Florence jioni ileile ya kosa, mtoto azaliwe, akaze shingo, na barua ifike ikiwa bado ndani ya muda.

Watetezi wa mtambo huu husema bango lipo. Ni kweli, lipo. Ni duara jeupe lenye ukingo mwekundu, chini yake kibao cha maneno, na chini ya kibao hicho kibao kingine. Dereva anayelikaribia ana sekunde chache tu. Nyuma yake Vespa inapiga honi, pembeni kuna ukuta uliojengwa kabla ya vioo vya pembeni kubuniwa, mtoto wa kati anataka haja ndogo, na sauti ya ramani kwenye simu inaamuru, kwa utulivu wa mtu asiyelipa faini, kwamba pinda kulia sasa. Katika sekunde hizo anatakiwa asome saa za katazo, na saa hizo zimetanguliwa na michoro. Nyundo mbili zimepishana: baba anaamini barabara inatengenezwa mbele. Msalaba: mama anasema hapo pana kanisa, na kwa kuwa wako Italia, kanisa linaonekana kweli. Kumbe nyundo ni siku za kazi, na msalaba ni Jumapili na sikukuu. Mchoraji wake alikuwa na akili nzuri: siku za nyundo watu hufanya kazi, siku ya msalaba husali. Ningeweza kuisifu michoro hii jioni nzima nikiwa nimekaa barazani. Lakini inadai tafakuri, na tafakuri haipatani na gia ya pili. Penye ubao wa taa mambo huwa mabaya zaidi, maana mara nyingine huandikwa "varco attivo", yaani mlango unafanya kazi. Familia hushangilia. Mlango unaofanya kazi si ndio uliofunguliwa? Kinachofanya kazi ni kamera.

Lengo la katazo sina ugomvi nalo hata kidogo. Katikati ya Florence pamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1982, na mitaa yake ilipimwa kwa upana wa punda na mzigo wake. Siena ilianza kuyaondoa magari katikati ya mji tangu miaka ya 1960, wakati miji mingine ilikuwa bado inayaona kuwa ndiyo maendeleo. Msomaji wa Lamu au wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hahitaji kuelezwa kwamba uchochoro haukuumbiwa magari, na bibi anayeishi ghorofa ya tatu karibu na kanisa la Santa Croce ana haki ya kulala bila moshi wa wageni waliopotea. Ila tumtazame bibi huyo vizuri. Gari letu limepita chini ya dirisha lake. Moshi ameuvuta. Honi ameisikia. Kamera haikuzuia chochote. Imeandika tu kwamba bibi amesumbuliwa, na kwa usumbufu huo manispaa imelipwa yuro 83. Kama nia ni kuzuia magari, basi kila faini inayolipwa ni ushahidi kwamba kuzuia kumeshindikana. Mtu atasema vizuizi vya chuma vingekwamisha gari la wagonjwa. Vizuizi vinavyozama ardhini vipo katika miji mingi ya Ulaya, Italia ikiwamo, na wagonjwa wanafikishwa hospitali.

Hoja ya pili ya upande wa pili ni nzito zaidi: kutojua sheria si utetezi. Nakubali, na baba alipe. Swali langu ni kuhusu kazi ya adhabu. Trafiki wa kwetu, pamoja na yote yanayosemwa juu yake, hufundisha papo hapo. Anachomoza kwenye kivuli cha mwembe na sare yake nyeupe, ananyoosha mkono, na kosa lako unalijua kabla hujazima injini. Utabisha, utaomba, utaandikiwa. Lakini pale hutarudia. Kamera ya Florence haina neno. Familia inayokaa siku tatu hupita nguzo ileile asubuhi ikienda na jioni ikirudi, kwa amani kabisa, na kila siku ya kupita inaweza kuzaa faini yake. Ujumbe mmoja wa simu jioni ya kwanza ungemaliza mambo. Kampuni ya kukodisha inayo namba ya mteja, na huitumia vizuri sana kumwomba nyota tano kabla injini ya gari haijapoa. Mtambo unaoweza kuchambua namba za magari usiku kucha haushindwi kupeleka namba moja kwa kampuni siku hiyohiyo. Adhabu ambayo haimfikii mkosaji ila baada ya kosa kwisha, likizo kwisha na gari kukodiwa na watu wengine, haimfundishi mtu yeyote. Inakusanya tu. Halafu ukiipokea, masharti yanageuka: ukilipa ndani ya siku 5 unapunguziwa asilimia 30, na ukipitisha siku 60 bila kulipa wala kupinga, deni hupanda hadi nusu ya kiwango cha juu, ambacho ni yuro 332. Waliopewa siku 360 za kukuandikia wanakupa 5 za kwenda benki.

Hapa ndipo kicheko kinaponikauka. Orodha ya vyakula mbele ya mgahawa wa Florence imeandikwa kwa lugha nne au tano, na kwa asiyejua hata moja kuna picha ya tambi. Duka la makumbusho linakukaribisha kwa lugha yako, mashine ya tiketi inakuuliza bendera yako kabla haijakuuliza unakokwenda, na ile barua ya faini, kama nilivyosema, imetafsiriwa bila kosa, ina maelezo ya namna ya kulipa kwa kadi, na mahali pa kutazama picha ya gari lako kwenye intaneti. Maana yake uwezo wa kusema na mgeni upo. Haupo tu kwenye lile bango ambalo lingeweza kuokoa pesa zake. Na usiniambie fedha hazipo. Sheria ileile ya 1992 inaagiza kwamba nusu ya mapato ya faini za manispaa iende kwenye mambo ya barabara na usalama wake, na angalau robo ya nusu hiyo itumike kwa alama za barabarani: kuzibadilisha, kuziboresha, kuzitunza. Mgeni, kwa maneno mengine, ameshalipia bango la lugha mbili mara nyingi sana. Isitoshe, mgeni kutoka kwetu hakuingia kwa kunyata. Ameomba viza ya Schengen kwa yuro 90 kwa kila mtu mzima, ameonyesha tiketi, hoteli, bima ya yuro 30,000 na taarifa ya benki hadi senti ya mwisho. Serikali zimejua mshahara wake na atalala wapi. Katika karatasi zote hizo hakuna mahali alipoulizwa kama anajua maana ya nyundo mbili.

Basi pandeni treni, husema wajuzi. Ushauri huu ni mzuri, na sababu yake si ile wanayoitoa. Kwenye treni nako wataumbuka: tiketi ya karatasi ya treni za mikoani isipogongwa kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, ni kama hamkununua. Venice, tangu 2024, hutoza yuro 5 kwa mgeni wa kutwa katika siku zilizopangwa, na tangu 2025 hutoza 10 kwa asiyelipia mapema. Roma, tangu 2019, ukikaa kitako kwenye ngazi za Hispania kupumzisha miguu unaweza kutozwa hadi yuro 400. Pisa, mtoto wa chini ya miaka 8 hapandi mnara, kwa hiyo anabaki chini akilia na shangazi. Mgahawani kuna malipo ya kukaa na kula mkate ambao hamkuuagiza. Mlango wa kanisa la Mtakatifu Petro, mabega wazi hayapiti, ingawa hapo familia ya pwani hushinda kila mtu, maana mama ana khanga mbili kwenye mkoba. Lakini tazama haya yote yanafanana wapi: mtu anakuja. Mkaguzi wa tiketi anasimama mbele yenu, askari wa ngazi anapuliza filimbi, mhudumu analeta bili. Mnaaibika siku hiyohiyo, mbele ya watu msiowajua, kisha mnakwenda kula aiskrimu. Familia inaweza kuishi na aibu ya namna hiyo. Haiwezi kuishi na kikao cha familia cha Machi, barua ikishafika, kuhusu nani alisema "hilo ni kanisa tu, Baba Zawadi, endelea."

Atakayeng'ang'ania usukani hata baada ya kusoma haya, afanye hivi. Ukija Florence kwa barabara kuu ya A1, kuna maegesho yaitwayo Villa Costanza ambayo unaingia moja kwa moja kutoka barabara kuu, bila hata kupita kwenye lango la ushuru. Acha gari hapo, pandeni tramu ya T1 hadi stesheni ya Santa Maria Novella, kisha mtembee. Mkitua uwanja wa ndege wa Florence, tramu ya T2 inawafikisha katikati ya mji, na gari mnaweza kulikodi siku ya kuondoka. Hoteli ikiwa ndani ya ZTL na mzigo ni mzito, ipigie simu kabla hujaingia, uitajie namba ya gari, na uombe jibu la maandishi. Na tiketi ya karatasi ya tramu igongeni kwenye mashine mara tu mnapopanda, kabla ya kutafuta viti.