Yah: Shukrani kwa Kufunguliwa kwa Kadi Ambazo Hazijafika Songea

Kwa Bodi ya Wakurugenzi, Kampuni ya NVIDIA, Santa Clara, California, Marekani.

Tafadhali rejea kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mafundi na watumiaji wa kompyuta wa Manispaa ya Songea wanaishukuru Kampuni kwa uamuzi wake wa Mei 2022, ambapo, baada ya miaka mingi ya kuombwa, kubembelezwa na hata kutukanwa, iliweka hadharani msimbo chanzo wa sehemu moja ya draiva yake ya Linux. Kwa faida ya wengine watakaoisoma barua hii, draiva ni programu inayokaa kati ya mfumo endeshi na kifaa, kwa mfano kadi ya michoro inayochora kila kinachoonekana kwenye kioo, ikiueleza kila upande kile ambacho mwenzake anataka. Nao msimbo chanzo ni maandishi ya programu kama yalivyotoka mikononi mwa mwandishi wake, na programu ambayo maandishi yake hutolewa pamoja na ruhusa ya kuyarekebisha na kuyagawa huitwa programu huria.

Ukarimu huo una kasoro moja, ndogo sana ikitazamwa kutoka California, nayo ni kwamba draiva iliyofunguliwa inazihudumia kadi za kizazi cha Turing cha mwaka 2018 na za vizazi vilivyofuata, ilhali kompyuta nyingi zinazofika Songea hufika zikiwa mtumba, zimeshastaafishwa na ofisi za ng'ambo, na kadi zilizomo ndani yake zina umri unaolingana na kustaafu huko. Kadi za Fermi, zilizoingia sokoni mwaka 2010, Kampuni iliacha kuzitunzia draiva mwishoni mwa 2022, yaani mwaka uleule wa ukarimu. Za Kepler, za mwaka 2012, zikafuata mwaka 2024. Mjini Songea kadi ya namna hiyo bado ina nguvu ya kuhariri video ya kipaimara au ya sendofu, na mwenye studio hajaona dalili yoyote ya kuchoka kwake.

Anachokiona ni kioo cheusi. Kiini cha Linux, yaani ile programu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu na kuamuru vifaa, hutolewa upya kila baada ya wiki 9 au 10, na watunzi wake hawajawahi kuahidi kwamba viungio vyake vya ndani vitabaki vilevile. Draiva iliyomo ndani ya kiini hurekebishwa na yuleyule aliyebadilisha kiungio, lakini draiva ya siri humsubiri mwenye siri, na mwenye siri akishafunga jalada, sasisho la kawaida tu, lililokwisha kuteketeza bando la wiki nzima, huiacha mashine ikizungusha feni bila picha. Hapo fundi wa Mfaranyaki huizima, huiwasha tena, huongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia ili kiini kisiiguse kadi, kisha humrudishia mteja kioo chenye herufi kubwa zisizoenea, huku kadi yenyewe ikiwa nzima.

Kwa kadi za GTX 900 za mwaka 2014 na GTX 1000 za mwaka 2016, Kampuni imeonyesha ustadi zaidi. Mwaka 2025 ilitangaza kwamba mfululizo wa 580 ndio wa mwisho wa draiva yake kuzihudumia. Draiva iliyoifungua haizitambui. Na draiva ya tatu, Nouveau, iliyoandikwa kwa kuchunguza jinsi kadi zinavyojibu amri na kuingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2010, inazitambua lakini haiwezi kuziongezea mwendo, kwa sababu kadi hizo hukataa programu ya kurekebisha mwendo isiyo na sahihi ya kidijitali ya Kampuni, na programu yenye sahihi hiyo Nouveau haikupewa. Kadi hubaki kwenye mwendo iliowashiwa nao, gia ambayo dereva wa lori angeivumilia kwenye mteremko wa Lukumburu lakini si njia nzima hadi Makambako. Ni nadra mtengenezaji kuzuia ukarabati kwa ukamilifu namna hii bila kuvunja kitu chochote.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipoulizwa kuhusu Kampuni huko Finland mwaka 2012, alijibu kwa kidole cha kati mbele ya kamera. Songea ni mji wenye adabu na haitaufuata mfano huo, angalau si kwa maandishi. Inakubalika pia kwamba Kampuni ina siri za biashara, hataza na mikataba na watu wengine. Ila AMD, mshindani wake katika kadi za michoro, nayo inavyo vyote hivyo, na ilianza kuchapisha nyaraka za kadi zake mwaka 2007, ndiyo maana kadi zake za Radeon HD 2000, za mwaka huohuo, bado zina draiva huria katika Linux ya leo.

Kwa hiyo Kampuni inaombwa, kila inapoacha kuitunza kadi, itoe nyaraka zake kamili pamoja na programu ya mwendo yenye sahihi. Au, ikishindikana, ichapishe tarehe ya kifo juu ya boksi, kwa Kiswahili, ili mnunuzi wa mtumba ajue amebakiwa na miezi mingapi.

Nakala: AMD na Intel, kwa taarifa, wakikumbushwa kwamba programu zinazokaa ndani ya kadi zao nazo bado ni siri.
Jalada.