Saa Ngapi Mpaka Kambove?

Yaya mpenzi,

Siku ile uliniuliza kwa simu, na Baba Mukubwa akadakia kwa nyuma: ndege ya kutoka huku Bruxelles mpaka Lubumbashi inachukua saa ngapi? Nimeona nijibu kwa barua, maana kwenye simu kila nikifika Addis Ababa laini inakatika.

Ukinyoosha uzi kwenye ramani, kutoka hapa hadi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, ni kama kilomita 7,300. Ndege inayokimbia kilomita 850 kwa saa ingezimaliza kwa muda usiofika saa tisa. Tatizo ni kwamba uzi hauuzi tiketi. Mimi hupitia Addis Ababa: kilomita 5,600 kwanza, kisha 2,600 za kushuka hadi kwetu. Hapo tumeongeza 900 za bure, pamoja na kusinzia kwenye kiti cha chuma nimekumbatia begi. Kupitia Kinshasa ni karibu zaidi, jumla 7,800 hivi. Lakini Kinshasa nina mashemeji, na mashemeji hawapimwi kwa kilomita.

Baba Mukubwa akisema nachelewa, msimulie habari za Mbelgiji Edmond Thieffry. Aliruka kutoka Bruxelles tarehe 12 Februari 1925, akatua Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Siku 51! Na angani alikaa saa 75 tu. Siku nyingine zote ni kutengeneza na kungoja. Naye alikuwa rubani mwenyewe, hakungoja mtu wa kumpimia mizigo.

Mwambie Mama pia asikeshe ili anipigie "wakati wa huko". Majira haya ya joto saa ya Bruxelles na ya kwetu Kambove ni ileile. Walio nyuma kwa saa moja ni Kinshasa, nao ndio mji mkuu wetu. Mama akinipigia usiku wa manane, huku nako ni usiku wa manane, tunabaki kupigiana miayo.

Safari yenyewe huanza nikishatua. Luano mpaka Likasi ni kilomita 120 hivi, halafu 25 za kutufikisha nyumbani, na malori ya shaba na kobalti yanatujia uso kwa uso yakielekea Kasumbalesa. Dereva anasimama kulipa njia, anasimama kununua mkaa, anasimama kumsalimia mtu asiyemjua. Nikiwa juu ya Sahara huwa nahesabu saa. Barabara ya Likasi nahesabu malori.

Mawe ya kwetu yalisafiri vizuri zaidi. Tangu 1922 madini ya mgodi wa Shinkolobwe yalikuwa yakipokewa Olen, hapa Ubelgiji, kwenye kiwanda cha radiumu. Hakuna jiwe lililodaiwa barua ya mwaliko wala karatasi za benki. Sisi tuliozaliwa jirani na shimo lile ndio tunaoulizwa, tukiomba viza, tunakuja kufanya nini.

Sasa habari ya kunipokea. Mara ya mwisho mlikuja ukoo mzima, sanduku langu likarudi Kambove limefungwa juu ya gari na mimi nimepakatwa. Safari hii kodini gari dogo, nitalilipa mimi, mje watu wanne tu. Baba Mukubwa ahesabiwe wawili.

Mdogo wako.