Panado Nne na Bia ya Kuzimua

Msyuu! Mmemwona yule kijana wa bodaboda pale duka la dawa? Jumatatu asubuhi, macho mekundu, anakatiwa panado nne na kuzimeza zote kwa mpigo. Halafu huyoo, anavuka barabara kwenda grosari kuzimua!

Msinilishe maneno. Panado mbili kwa mtu aliyekunywa bia moja jana hazina neno. Ninayemsema ni mnywaji wa kila siku. Ini likivunja panado, sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini huizima kwa akiba yake iitwayo glutathioni. Pombe ya kila siku huchochea sumu hiyo itengenezwe kwa wingi, huku ikimaliza akiba. Na mlevi wetu hali, anashindia karanga, basi akiba ndiyo inakauka kabisa. Mtu mzima mwenye afya mwisho wake ni gramu 4 kwa siku, vidonge 8 vya miligramu 500. Mnywaji wa kudumu madaktari wengi humshushia hadi gramu 2. Piga hesabu: kijana kamaliza fungu lake la siku nzima kabla supu haijaiva!

Na ini halilalamiki mapema. Aliyezidisha dozi anaweza kushinda hapa anacheza drafti, kichefuchefu kidogo tu, kumbe ini linaharibika. Siku ya pili au ya tatu ndipo mambo yanajitokeza, hadi macho kuwa ya njano. Dawa ya kumwokoa ipo, inaitwa asetilisisteini, ila inafaa zaidi ikianza ndani ya saa 8. Nani hapa kijiweni atakimbilia hospitali kwa kichefuchefu cha Jumatatu?

Wewe mzee unacheka, eti yako ni diklofenaki. Msyuu! Hiyo, ibuprofeni na aspirini hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, na pombe inazidi kuuchubua. Ukiona choo cheusi cha kunata, hiyo huenda ni damu, wahi hospitali.

Wa tramado ndiyo msiseme kabisa. Tramado na pombe vyote hulegeza pumzi. Mtu anakoroma, wenzake wanamcheka, kumbe ndiyo anakwenda hivyo.

Hangova inataka maji, chakula na usingizi. Na wewe dada wa duka la dawa, kabla hujamkatia mtu vidonge, muulize jana kanywa nini, na kila siku anakunywa kiasi gani.