Koo za Nati Chini ya Mlima Kenya

Elimu ya nati, kama elimu ya ukoo, huanza na jina, na hapo hapo ndipo ugomvi unapozuka. Niliingia hadiwea moja mjini Nyeri kuulizia nati ya 13 ya wilbaro. Kijana wa dukani akanitazama kwa huruma. "Mzee, 13 ni spana. Nati yenyewe ni ya 8."

Alisema kweli. Nati huitwa kwa unene wa bolti inayopita ndani yake, milimita 8. Ile 13 ni upana wake wa nje, ubavu hadi ubavu. Lakini fundi haoni tundu, anaona spana. Ndiyo maana kuanzia Othaya hadi Nanyuki nati ina majina mawili, la nyumbani na la shuleni.

Kwa sura, wote ni ndugu: pembe sita. Fundi aliyelala chini ya Probox hana nafasi ya kuzungusha mkono. Kwa pembe sita, sehemu moja ya sita ya mzunguko inamtosha kabla ya kushika upya. Kwa pembe nne angehitaji robo nzima.

Tofauti yao ni namna kila mmoja anavyokataa kulegea. Nati ya kawaida haikatai, inamtegemea aliyeikaza. Nati ya nailoni ina pete ya plastiki mdomoni inayong'ang'ania bolti. Wataalamu huagiza itumiwe mara moja. Huku kwetu inatumiwa mpaka nailoni isahau kazi iliyoileta. Nati ya taji haiamini mtu: imechongwa mapengo juu, pini ipite katikati na kukunjwa. Nati nyembamba hutembea na mwenzake, na hapo wanazuoni wa gereji wamegawanyika madhehebu mawili. Wengi huiweka juu. Walio sahihi huiweka chini. Nati ya gurudumu ina uso wa mteremko, unaojikalisha katikati ya tundu la rimu.

Kisha wapo wageni wenyeji, nati za inchi, waliokuja na Land Rover kuukuu. Baadhi yao ni wa ukoo wa Joseph Whitworth, Mwingereza aliyepanga vipimo vya hesi mwaka 1841 kwa pembe ya nyuzi 55. Za milimita zina 60, kwa hiyo hazioani hata ukizilazimisha. Anayeponza zaidi ni yule wa spana ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Spana ya 13 inamwingia, inacheza kidogo, fundi anauma meno, anavuta, kona zinalika. Hapo huzaliwa aina ambayo haimo katika katalogi yoyote: nati ya mviringo. Spana yake ni nyundo na patasi.

Ukitumwa nati, usitaje namba. Beba bolti yenyewe.